Kisu Kikikukata, Anayeumia Ni Nani?

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wanachama wa chama chetu cha wasomaji. Naiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Zilikuwa sura za wazee wenye nywele za bandia tu, hamjakosa kitu.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Kaka na dada zangu, nanyi wanafunzi mliobanana huko mlangoni, habari za jioni.

Niliombwa nizungumzie Wajerumani wa zamani na mawazo yao kuhusu nafsi na akili ya binadamu. Mwenyekiti aliponiletea mada hii alinisihi jambo moja tu: "Mwalimu, usitulaze." Nitajitahidi. Atakayesinzia, jirani yake amfinye, kisha amuulize swali la leo: aliyeumia ni nani? Ni ngozi? Ni mwili mzima? Ni nafsi? Na kama ni nafsi, ambayo haina nyama wala mishipa, ule mfinyo umeifikiaje?

Mnacheka. Lakini kwa ajili ya swali hilo profesa mmoja alipewa saa 48 aondoke nchini, la sivyo kitanzi. Kwa ajili ya swali hilo matabibu wa chuo kimoja waliitazama homa kwa macho tofauti kabisa. Na kwa ajili ya swali hilo kijana aliyezaliwa Axim, katika pwani ya Ghana ya leo, alisimama Wittenberg mwaka 1734 akawaambia wasomi kwa Kilatini kwamba Descartes amekosea.

Najua wengine mmemfuata Kant, yule mwanafalsafa Mjerumani mwenye jina kubwa. Atakuja, ila hatakaa sana.

Tuanze na mwanamke. Elisabeth, binti wa mtawala wa Palatinate, jimbo la Ujerumani, alizaliwa Heidelberg mwaka 1618. Vita vikaipokonya familia yake kiti, wakawa wakimbizi Uholanzi. Huko ndiko alikosoma vitabu vya Descartes, yule Mfaransa aliyesema kwamba binadamu ni vitu viwili: mwili, ambao unajaza nafasi, na nafsi, ambayo kazi yake ni kufikiri. Wanaume wengi waliusoma mgawanyo huo wakaupigia makofi. Elisabeth aliusoma, akachukua kalamu. Mei 1643 alimwandikia Descartes: kama nafsi haina umbo wala uzito, inausukumaje mwili? Kinachosukuma hugusa, na kinachogusa kina ukubwa. Descartes alijibu kwa heshima nyingi na kwa maneno mengi. Elisabeth akamwandikia tena, tena waziwazi: ni rahisi kwangu kukubali kwamba nafsi ina ukubwa kama vitu vingine kuliko kukubali kwamba kitu kisicho na mwili kinausogeza mwili.

Mwanamke wa miaka 24. Hana chuo, hana cheo cha kitaaluma, hata nchi hana. Lakini muda mwingi wa karne iliyofuata wasomi wa Ujerumani waliutumia kuhangaika na swali lake. Na ukitazama vizuri utakuta swali lenyewe lilibaki kuzunguka ndani ya ukoo wake, jambo ambalo nimelipenda kuliko yote niliyoyasoma kwa ajili ya leo.

Elisabeth alikuwa na mdogo wake, Sophie, aliyeolewa Hannover. Na Hannover ndiko alikofanya kazi Gottfried Wilhelm Leibniz. Leibniz alizaliwa Leipzig mwaka 1646, akafa Hannover mwaka 1716. Alikuwa mwanahesabu, mwanasheria, mkutubi, mshauri wa watawala, na alibuni mashine ya kukokotoa iliyokusudiwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Shikeni hilo la mashine. Mtu aliyeijua mashine kuliko karibu wote wa zama zake ndiye aliyesema mashine haitakuja kueleza fikra.

Alisemaje? Mwaka 1714, katika andiko fupi la aya 90, alituomba tuwaze mashine iliyoundwa ili ifikiri, ihisi na itambue. Sasa ikuze, uwiano wake ubaki uleule, mpaka mtu aweze kuingia ndani yake kama anavyoingia kwenye kinu cha kusagia nafaka. Haya, ingia. Tazama kushoto, tazama kulia. Unaona nini? Vipande vinasukuma vipande. Fikra iko wapi? Maumivu yako wapi? Zunguka humo mpaka jioni, utatoka na unga kwenye nguo, fikra hukuiona.

Ndugu zangu, miaka zaidi ya 300 imepita. Leo hospitali kubwa zina mitambo ya kupiga picha ubongo wa mtu aliye hai. Mtaalamu anaona sehemu fulani imewaka rangi, anasema: hapa pana maumivu. Lakini ameyaona maumivu? Ameona damu ikienda sehemu fulani kwa wingi zaidi. Wapo wanaodai Leibniz alituchezea kwa kutuingiza ndani mno, kwamba ukitoka nje ukatazama kazi ya kinu kizima, hapo ndipo fikra inapoonekana. Hoja yao naiheshimu. Haijanishawishi.

Kutoka kinuni Leibniz akahitimisha kwamba nafsi haina sehemu. Ni kitu kimoja kisichogawanyika. Vitu vya namna hiyo aliviita monadi, na akaandika kwamba monadi hazina madirisha ya kuingiza au kutoa chochote. Vizuri. Lakini hapo si tumerudi kulekule? Nyumba isiyo na dirisha, nje kisu kinakata, ndani mwenye nyumba anapiga kelele. Amejuaje?

Leibniz alijibu kwa mfano wa saa mbili za ukutani zinazolingana daima. Huenda moja inaivuta nyingine. Huenda fundi amesimama hapo kutwa akizirekebisha. Au zilitengenezwa kwa ustadi mkubwa tangu mwanzo, kila moja ikaenda kwa mwendo wake na bado zisipishane. Leibniz akachagua hilo la mwisho. Mwili unafuata kanuni zake, nafsi inafuata zake, na Mungu alizipatanisha tangu kuumba. Kisu kinapokata, nafsi nayo kwa mwendo wake yenyewe imefikia zamu ya maumivu. Hakuna kilichomgusa mwenzake. Huu ndio aliouita mwafaka uliopangwa tangu awali.

Naona dada hapa mbele anatikisa kichwa. Hata wakati ule walikitikisa. Sophie wa Hannover alikuwa na binti, Sophie Charlotte, aliyekuja kuwa malkia wa kwanza wa Prusia, ufalme wa Kijerumani. Yaani Elisabeth yule wa barua alikuwa mama yake mkubwa. Sophie Charlotte alimwita Leibniz kwenye jumba lake karibu na Berlin, akawa anamhoji kuhusu nafsi, Mungu na uovu, naye hakuwa mtu wa kuridhishwa haraka. Alikufa mwaka 1705 akiwa na miaka 36 tu. Mjukuu wake, Friedrich wa Pili, alikuja kuandika kwamba akiwa kitandani aliwaambia wanaomlilia wasimhurumie, kwani sasa anakwenda kukidhi hamu yake ya kujua asili ya mambo ambayo Leibniz hakuweza kumweleza. Inawezekana mjukuu aliinogesha kidogo hadithi ya bibi yake. Wajukuu ndivyo walivyo.

Kabla hatujaondoka kwa Leibniz, jambo moja kwa haraka. Alisema nafsi hupokea mambo mengi mno bila yenyewe kujua kwamba inapokea. Ukisikia mvumo wa bahari, lazima kila wimbi limekufikia kwa kiasi fulani, ingawa huwezi kulitenga hata moja. Kwani mawimbi laki moja ambayo kila moja ni kimya kabisa yasingefanya mvumo. Wanaodhani akili iliyojificha iligunduliwa na Freud, yule daktari wa Vienna, hapo wana la kufikiria.

Sasa twende Halle. Chuo kikuu cha Halle kilifunguliwa mwaka 1694, na katika kitivo chake cha tiba waliwekwa watu wawili: Friedrich Hoffmann na Georg Ernst Stahl. Kwa Hoffmann mwili ni mashine. Maji yake yanatiririka na nyuzi zake zinakaza na kulegea, na ugonjwa ni hitilafu ya mwendo huo. Kwa Stahl mwili ukiachwa peke yake huoza, muulizeni mwenye bucha. Kinachouzuia usioze ni nafsi. Nafsi ndiyo inayosaga chakula, ndiyo inayosukuma damu, na mtu anapopata homa, homa hiyo ni nafsi inapigana na ugonjwa.

Je, hili ni neno la kubishania darasani tu? Hata kidogo. Kama homa ni nafsi ikifanya kazi yake, tabibu anayekimbilia kuizima anamsaidia adui. Kwa hiyo Stahl aliipinga afyuni, na aliipinga hata ile dawa ya gome la mti wa kwinini. Sisi tuliokulia kwenye malaria tunajua gharama ya kosa hilo. Wagonjwa wa Stahl walikuwa wanatibiwa kwa falsafa, hata kama wenyewe hawakuwahi kusikia neno falsafa. Leibniz na Stahl waliandikiana wakibishana kwa ukali, na mwaka 1720, Leibniz akiwa ameshakufa, Stahl aliuchapisha ubishi huo akaupa jina la Kilatini lenye maana ya shughuli isiyo na kazi. Kisirani kilimfaa.

Wakati huohuo, Halle ileile, alikuwepo Christian Wolff. Huyu ndiye aliyeyachukua mawazo ya aina ya Leibniz, yaliyotawanyika katika barua na makala, akayafanya somo linaloweza kufundishwa hatua kwa hatua. Ndiye aliyeigawa elimu ya nafsi pande mbili: upande mmoja tunaandika tunachokiona nafsini mwetu kwa uzoefu, upande wa pili tunatafuta kwa hoja sababu zake. Kitabu cha upande wa kwanza kilitoka mwaka 1732, cha pili mwaka 1734. Wolff si mwandishi wa kusisimua, sitawaficha. Ni kama kutafuna mhogo mkavu. Lakini maisha yake!

Julai 1721, alipokuwa anakabidhi ukuu wa chuo, alitoa hotuba akisema Wachina, kwa mwongozo wa Confucius, mwenye hekima wao wa kale, walifikia maadili mema kwa akili ya kibinadamu pasipo ufunuo wa Kikristo. Ukumbini walikuwepo wanateolojia wa Kipietisti, wale Walutheri wa uamsho waliokuwa na nguvu sana Halle. Aliyekuwa anapokea ukuu siku hiyo, Joachim Lange, alikuwa mmoja wao. Walichukia. Wakaanza kuyachambua mafundisho yake yote, wakafika kwenye zile saa mbili za Leibniz.

Mfalme wa Prusia wakati huo alikuwa Friedrich Wilhelm wa Kwanza, mtoto wa yule malkia Sophie Charlotte. Mama alipenda falsafa. Mtoto alipenda askari, hasa askari warefu. Alikuwa na kikosi kizima cha majitu, akiwatafuta Ulaya nzima, wengine wakichukuliwa kwa nguvu. Na askari wa namna hiyo hutoroka. Inasimuliwa kwamba mfalme alipouliza huo mwafaka uliopangwa tangu awali maana yake nini, alielezwa hivi: Mtukufu, maana yake ni kwamba askari wako mrefu akitoroka, ilishapangwa atoroke. Miguu yake imefuata mwendo wake. Huwezi kumwadhibu.

Mnaona ilivyofanyika? Swali la Elisabeth limefika kambini. Novemba 1723 amri ikatoka: Wolff aondoke Halle na ardhi zote za mfalme ndani ya saa 48, akikaidi anyongwe. Jambo la kusikitisha ni kwamba Wolff mwenyewe aliuchukulia mwafaka ule kama dhana tu, bora kuliko nyingine, wala hakuuapia. Alikwenda Marburg, akapokewa vizuri, akapata wanafunzi kutoka mbali. Mikhail Lomonosov wa Urusi alisoma kwake huko. Jina lake likavuma kuliko kama angeachwa Halle afundishe kwa amani. Friedrich Wilhelm alipokufa mwaka 1740, mwanawe, Friedrich wa Pili, alimrudisha Wolff Halle kwa heshima kubwa mwaka huohuo. Mama aliuliza, mtoto akafukuza, mjukuu akarudisha.

Na sasa nifike kwa mtu aliyenileta hapa leo.

Anton Wilhelm Amo alizaliwa Axim karibu na mwaka 1703, katika watu wa Nzema. Akiwa mtoto mdogo alipelekwa Uholanzi na kampuni ya Waholanzi iliyofanya biashara ya watu, kisha akatolewa zawadi. Nasema tena: akatolewa zawadi, kwa Duke Anton Ulrich wa Brunswick-Wolfenbüttel. Majina yake mawili ya mwanzo ni ya watawala wa nyumba ile. Alilelewa na kusomeshwa huko, na mwaka 1727 akaandikishwa chuo kikuu cha Halle, miaka minne baada ya Wolff kufukuzwa.

Kitu cha kwanza alichokifanya kama msomi kilikuwa nini? Mwaka 1729 alitetea hoja katika mdahalo kuhusu haki za Waafrika walioko Ulaya. Andiko lenyewe limepotea, umebaki muhtasari wa gazeti: alichunguza kama utumwa wa Waafrika walionunuliwa na Wakristo ulikuwa halali kwa sheria za wakati ule. Mtu aliyetolewa zawadi anauliza kisheria: mlikuwa na haki gani?

Kisha akaenda Wittenberg, chuo cha Luther, akapata shahada ya uzamili ya falsafa, akasoma na tiba. Mwaka 1734 akatetea tasnifu yake: kwamba nafsi yenye akili haihisi. Kuhisi si kazi yake, wala uwezo wa kuhisi haumo ndani yake. Kuhisi ni kwa mwili ulio hai.

Sikilizeni anavyojenga. Kuhisi ni kutendwa: kitu kinakupata, unakipokea. Kitu kinawezaje kukipata kingine? Kwa kupenya ndani yake, au kwa kukigusa, au kwa kukipa sehemu ya kilicho nacho. Lakini nafsi mmesema ni roho. Roho haipenyeki, haiguswi, haina sehemu. Kwa hiyo roho hutenda tu, haitendwi. Kwa hiyo haihisi. Descartes alipomjibu Elisabeth alisema nafsi, kwa kuwa imeungana na mwili, inaweza kutenda na kutendwa pamoja nao. Amo ananukuu barua hiyohiyo na kusema: hapa hatukubaliani nawe. Ukishasema nafsi ni roho safi, huna ruhusa ya kuichomekea maumivu mlango wa nyuma.

Mimi nikiisoma hoja hii naona mtu anayewashika wenzake kwa maneno yao wenyewe. Na kuna lililonigusa zaidi: Amo anasema kilicho hai lazima kihisi, na kinachohisi lazima kiwe hai. Wafuasi wa Descartes walikuwa wakifundisha kwamba mnyama ni mashine isiyohisi. Fuata hoja ya Amo, mbuzi anayelia machinjoni analia kwa maumivu ya kweli.

Je, Amo alimaliza kazi? Hapana. Nafsi yake, anasema, hufanya kazi juu ya mawazo yanayotokana na yale mwili unayoyahisi, ikiutumia mwili kama chombo. Sawa. Lakini hisia ya mwili inavukaje mpaka ikawa wazo la nafsi? Mto ni uleule, Amo amehamisha tu kivuko.

Wanafalsafa wa Kiafrika wamemgombania sana. Kwasi Wiredu wa Ghana alidokeza kwamba pengine kuitenga akili na hisia ni mwangwi wa fikra za Waakan, jamii kubwa ya Ghana. Paulin Hountondji wa Benin alisikitika kwamba Amo hakuwa na wa kuzungumza nao isipokuwa Wazungu, kazi yake ikabaki katika midahalo yao. Mimi niko karibu na Hountondji. Mtoto aliyeondolewa kwao akiwa mdogo vile, sioni namna alivyobeba falsafa ya wazee wake, na hoja zake zote nazipata katika vitabu vilivyokuwa mezani Halle na Wittenberg. Kwangu hilo halimpunguzi. Alicheza kwenye uwanja wao, akafunga. Nkrumah, ambaye naye alikuwa Mnzema na aliwahi kuwa mwalimu Axim, alimtaja kwa fahari katika kitabu chake cha falsafa cha mwaka 1964.

Amo alifundisha Halle na Jena, kisha, katika miaka ya 1740, akapanda meli kurudi Axim. Daktari wa meli, David Henri Gallandat, alimkuta huko miaka ya 1750 mwanzoni: baba yake na dada yake wangali hai, na kaka yake yuko Suriname, koloni la Waholanzi Amerika Kusini, mtumwa.

Kant sasa, maana Mwenyekiti ameshaanza kutazama saa. Mwaka 1767 Moses Mendelssohn wa Berlin alichapisha kitabu akitetea kwamba nafsi haifi: haina sehemu, na kisicho na sehemu hakivunjiki. Mnaisikia sauti ya Leibniz? Kant, wa Königsberg, alikuwa na majibu mawili. La kwanza, la mwaka 1781: katika kila ninachowaza nakuta "mimi nafikiri", lakini hiyo ni namna ya kuwaza tu, haiwezi kunithibitishia kwamba kuna kitu kimoja kisichogawanyika kilichokaa nyuma yake. La pili, la mwaka 1787, alimwelekezea Mendelssohn mwenyewe: hata tukubali nafsi haivunjiki, nani kasema haiwezi kufifia, nguvu zake zikipungua kidogo kidogo hadi zikaisha? Mendelssohn alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, hakuweza kujibu.

Kant anahitaji jioni yake peke yake, nami sitamkata vipande hapa. Nimemaliza, Mwenyekiti. Tupokee maswali, na tuanze na yule dada, maana amekuwa akitikisa kichwa tangu kwa Leibniz na sidhani kama Amo amemtuliza.